Barafu Iliyopanda Juu

Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, tukikaa Jette, Ubelgiji, mdogo wangu Amani alizaliwa kabla ya wakati. Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani, mtoto akabaki hospitali ndani ya mashine ya joto. Ndugu zetu hupenda kusimulia kwamba ilikuwa Krismasi. Si kweli. Miti ya Krismasi ilikuwa imekwisha kutupwa barabarani, na baridi ilikuwa ile ya Januari, kavu, inayopasua midomo.

Chini yetu aliishi mama mmoja wa Korea, mjane wa Mbelgiji, aliyerekebisha nguo za watu. Tulimwita Maman Han, kwa kuwa kwetu mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Alipanda ngazi na sufuria ya supu ya mwani, akasema kwa Kifaransa chake cha polepole kwamba kwao ndiyo supu ya mzazi. Mama aliitazama ile supu nyeusi, yenye utelezi, akaninong'oneza, "Furaha, onja weye kwanza." Maman Han akaelewa bila tafsiri, akacheka.

Siku hiyo alitusimulia habari za Maisan, mlima wa kwao. Una vilele viwili vya mwamba vilivyosimama kama masikio ya farasi, na ndiyo maana ya jina lenyewe. Kati yake kuna hekalu, na minara ya mawe ambayo mtawa mmoja aliipanga bila udongo wala saruji. Dhoruba huitikisa, haianguki. Zamani vilele hivyo vilikuwa mume na mke, wakikua kuelekea mbinguni. Mume alitaka wapande usiku, mtu asiwaone. Mke alikuwa amechoka, akaomba wangoje kupambazuke. Kulipopambazuka, mwanamke aliyekwenda kuteka maji akawaona, akapiga kelele: "Milima inakua!" Ikasimama pale pale. Mbinguni haijafika mpaka leo.

"Wakati wa baridi," akaendelea, "watu huacha bakuli za maji safi pale hekaluni, wakiomba. Maji yakiganda, barafu hupanda juu kama kidole. Basi ombi linasikilizwa. Lakini ukiiona inapanda, funga mdomo."

Mama akauliza, nami nikatafsiri: "Haiko uchawi hii?"

"Ni maji tu. Hata mimi mama yangu aliniwekea."

Kila alasiri Mama alikwenda hospitali, akapitisha mkono kwenye tundu la mashine, akamgusa Amani mguu. Hakuna kingine alichoruhusiwa kumfanyia. Nadhani ndiyo sababu aliweka bakuli kwenye balkoni, nyuma ya ndoo ya taka. "Papa yako asijue," aliniambia. "Atasema tunaleta sanamu ndani ya nyumba." Papa alikuwa shemasi katika kanisa dogo karibu na stesheni ya Gare du Midi, na usiku alifanya kazi ya kusafisha treni.

Asubuhi moja niliamshwa na sauti ya Papa. Alikuwa ametoka kazini, ametoka nje kuanika suruali.

"Mama Furaha! Kuya uone! Maji inasimama!"

Barafu ilikuwa imechomoza katikati ya bakuli, nyembamba, imeinama kidogo, kama kidole changu cha mwisho. Mama alikuja mbio bila viatu, akamziba mdomo kwa kiganja. Papa akakiondoa, akicheka, akauliza sababu.

"Unaniziba juu ya nini? Mungu akifanya, tuseme!"

Hakuwa amekosea, kwa desturi yetu. Kanisani kwetu jema lililotendeka hushuhudiwa. Anayenyamaza amekula peke yake. Akafungua mlango, akatangaza ngazi nzima: "Bébé atapona! Amani atapona!" Jirani wa mbele alitoka na mswaki mdomoni kuuliza kama kuna moto.

Kesho yake hospitali ilipiga simu. Vijidudu vilikuwa vimeingia katika damu ya mtoto. Madaktari walifanya walichoweza, nasi tulisimama kwenye korido, tukitazama migongo yao kupitia kioo. Amani alikufa jioni.

Baada ya maziko Mama alisema mara moja tu, mezani, bila kupaza sauti: "Mulima ilisimama juu ya kelele ya muntu moya." Akamweleza Papa yote. Papa akauliza, "Na juu ya nini haukuniambia?" Mama akaanza kuondoa sahani. Maman Han alikuja akilia, akarudia kwamba ile ni hadithi, hadithi tu ya kusimulia watoto. Hakuna aliyemsikia.

Nilipokuwa sekondari nilimweleza Papa jinsi maji yanavyoganda kuanzia pembeni, na yale ya katikati yakasukumwa juu kupitia ufa. Alisikiliza kwa adabu. "Sawa, mwanangu," akasema. Hakushuhudia tena kanisani. Hata nilipompigia simu kumwambia nina mimba, alikaa kimya mpaka mume wangu akadhani laini imekatika. Kisha akasema polepole, "Nimesikia. Usiseme sana."

Kwa miaka mingi niliichukia imani ile, kwamba ilimtwika mtu kifo cha mwanawe. Sasa sina hakika. Siku ile hospitali hakuna aliyemwomba Papa chochote. Hakuwa na la kufanya wala la kukosea. Kelele yake ilimpa angalau sehemu katika jambo lile. Kila nilipomwondolea kosa kwa fizikia yangu, nilikuwa namrudisha kusimama mbele ya kioo, mikono mitupu. Nimeacha kumweleza.