Chungu cha Samaki Jike

Naikumbuka siku moja, mwanangu, zama za Mwingereza, nilipokuwa msichana wa kuchumbiwa hapa Hasamba. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, na Mzungu aliporudi kwao alimwachia sanduku kubwa la kioo la kufugia samaki. Humo baba akatia magege wawili wa ziwa Rukwa, dume na jike, waliobebwa hai kutoka Galula ndani ya debe. Watu walikuja kuwashangaa, hata Jumapili kabla ya ibada.

Gege akikua ni mkorofi. Dume alichimba shimo mchangani, akaona sanduku zima ni lake. Kazi yake ikawa kumkimbiza jike na kumng'ata mapezi mpaka yakachanika. Ziwani jike hukimbia akaenda zake, lakini ndani ya kioo angekwenda wapi? Baba akamhurumia. Akalaza majini chungu chenye mdomo mwembamba, jike akaingia, dume akabaki nje na ubabe wake. Baba alifurahi kama mtu aliyejenga kanisa.

Wiki ile ile dada yangu Raheli akafika kwa miguu kutoka Isongole alikoolewa, mdomo umepasuka, jicho limevimba.

"Baba, ataniua," alisema.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Akamjibu, "Ndoa ni uvumilivu, mwanangu. Nikikupokea, nitasimamaje mbele ya watu?"

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekaa mkekani. Akamwambia ndugu yake taratibu, "Baba Raheli, samaki umempa chungu. Mwanao unampa nini?"

 Kesho yake baba alimrudisha Raheli mwenyewe kwa mumewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tusemavyo, lakini guu lililovunjika halikuwa lake. Hata kabla kahawa haijaiva, tukaitwa Isongole kumzika Raheli. Mumewe alisema ameteleza mtoni, na wazee wakaitikia. Baba akarudi nyumbani, akawalisha samaki wake.

Jike yule aliishi miaka mingi. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Na baba nilimpikia mpaka uzeeni bila kumwambia hata neno moja la moyoni.

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nimemwona mzazi aliyeujua wa samaki.

Basi wewe unayeoza binti mwezi huu, nisikilize bibi yako. Maneno ya uvumilivu atayapata kanisani, yapo tele. Wewe mwambie, mbele ya mumewe na mbele ya wakwe, kwamba siku akipigwa arudi, na mlangoni kwako hataulizwa kitu. Watakucheka. Waache wacheke, mwanangu. Aibu hupita, kaburi halipiti.

Mungu akubariki, aubariki na mguu wa binti yako unaokwenda kwa mume, na siku ya kurudi aufanye mwepesi zaidi.