Siku Nisiyopatikana

Watu wengi wanamchukia yule dada wa kwenye simu, yule anayesema mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Baba yangu alikuwa anamsubiri. Kila alasiri ndege ya kampuni yetu ilipopita juu ya nyumba yetu ikielekea Mwanza, baba alichukua simu akanipigia. Nami nikipokea, ilikuwa hivi.

"Umepokea," alisema.

"Nimepokea, baba."

"Haya. Basi kesho." Akakata.

Huo ulikuwa mpango wake mwenyewe. Zamani, nikiwa bado mwanafunzi, nilimwambia kwamba rubani akishakaa kwenye kiti chake huzima simu. Akalishika neno hilo. Wakati narudi nyumbani na leseni yangu, macho yake yalikuwa yamekwisha kwa presha ya macho, ile ambayo daktari anakwambia kilichopotea hakirudi. Hakuweza tena kuniona nikiruka. Akasema haidhuru, atanipigia. Siku akiambiwa sipatikani, atajua niko juu yake.

Lazima niseme kwa nini jambo hili lilimshika hivyo. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo mimi ndiye niliyechunga ng'ombe wake. Kwenye machunga, huko kwetu Segese na vijiji vyake, nilikuwa naziona ndege za mgodini zikishuka, nami nasema nitaendesha hiyo. Wenzangu walicheka. Baba hakucheka. Nilipomaliza shule na alama nzuri, aliuza ng'ombe karibu zizi zima akanipeleka Afrika Kusini kusomea urubani. Baba mdogo, yaani mdogo wake anayekaa boma la pili, alikasirika mpaka akaacha kuja kula kwetu. Alisema mbele ya watu, "Mabinti wa wenzako wanaingiza ng'ombe zizini. Wa kwako anawatoa!" Kwa Wasukuma, ambao mahari yao ni ng'ombe, hilo si tusi dogo. Baba akamjibu, "Wametoka kwa miguu, watarudi kwa mabawa." Kijiji kizima kilikuwa kinalijua jibu hilo. Na mimi ndiye niliyetakiwa kulitimiza.

Nikarudi na leseni ya urubani wa biashara na saa mia mbili na kitu za kuruka. Jamani, nilidhani nimemaliza! Kumbe hizo saa ni kama pesa ya zamani, unayo mkononi na hakuna duka linaloipokea. Nilizunguka Dar, nikazunguka Arusha, nikazunguka Mwanza, bahasha kwapani, shati jeupe nimelipiga pasi kwa shemeji wa rafiki. Kila mahali ni yale yale: bima inataka rubani mwenye saa nyingi, mara tano ya zako, mara saba. Na saa unazipata wapi? Kazini. Na kazi unapewa na nani? Mwenye saa. Dada mmoja wa mapokezi aliniambia, "Mvumilivu hula mbivu." Nikamwambia mbivu za kwangu zimeshaoza, nipe za kwako. Sina subira, najijua. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari la mtu.

Nilipomweleza baba habari za saa, alifikiri sana. "Kwa hiyo," akasema, "wanataka ng'ombe mkubwa ambaye hajawahi kuwa ndama."

"Ndiyo hivyo, baba."

"Basi hawajui kufuga."

Mwishowe kampuni moja ndogo yenye ndege moja ya injini moja ikanichukua. Si kama rubani. Kazi yangu ilikuwa uwanjani, uwanja wa vumbi ule ule niliokuwa nauona nikichunga, mwendo wa pikipiki kutoka nyumbani. Wengi tunaanza hivyo, tunakaa karibu na ndege tukiomba Mungu atuone. Meneja aliyeko Mwanza aliniahidi kwa mdomo wake: ndege ya pili ikinunuliwa, kiti cha pembeni ya kapteni ni changu.

Nikafanya kazi. Nilipima abiria na mizigo kwenye mzani, kwa maana ndege ndogo haijui mheshimiwa, inajua kilo. Bwana mmoja wa madini aligoma kupanda mzani mbele ya mwanamke. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, panda, au ubaki hapa na kitambi chako." Akapanda.

Ila kazi yangu kubwa ilikuwa ng'ombe. Uzio wa uwanja ulishaibiwa waya zamani, na nyasi za pembeni ni nzuri, basi mifugo ya watu imejaa. Kabla ndege haijatua au haijaruka, napanda pikipiki, nakwenda uwanja mzima na honi na fimbo, nawatoa. Wachungaji nawatukana kwa Kisukuma safi, wanacheka. Vijana wa bodaboda na wachimbaji waliokuwa wakipita na mifuko yao ya mawe wakanipa jina: Rubani wa Ng'ombe. "Kapteni, leo unaruka na dume au jike?" Mwanzoni nilikuwa nacheka nao. Baadaye niliacha. Nilichunga ng'ombe wa baba nikiwa mtoto, baba akawauza ili nisichunge, na sasa nachunga ng'ombe wa watu nikiwa na leseni mfukoni. Ukiniuliza kama iliniuma, iliniuma sana, kila siku.

Na kila siku, nikiwa bado nahema pembeni ya uwanja, ndege inapotea upande wa kaskazini, simu inaita. Umepokea. Nimepokea, baba. Basi kesho. Simu yangu sikuwahi kuiacha bila chaji hata siku moja. Niliogopa.

Siku yenyewe umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Simu ilibakiza chaji kidogo, nikawa naitunza, siifungui hata kuangalia saa. Mchana meneja akapiga kutoka Mwanza. Moyo wangu ukaruka, maana nilikuwa nimesikia ndege ya pili imefika.

"Dada yangu," akaanza, na alipoanza na dada yangu nikajua. Ndege ilikuja na watu wake. Walioiuza ndege walileta rubani msaidizi wao, kijana mwenye saa za kutosha, na bima imemkubali. Mimi nisikate tamaa. Nafanya kazi nzuri, kila mtu anasema. Uwanja wetu haujawahi kuwa salama hivi. Akaongea, akaongea, akanipa mifano ya watu waliosubiri zaidi yangu, na mimi nasimama pale nasema sawa, sawa bosi, sawa. Nilitaka kumtukana. Sikumtukana, kwa sababu niliona nikifungua mdomo nitalia. Akiwa katikati ya kusema subira huvuta heri, simu ikazima.

Nikaitia mfukoni. Wallahi sikukumbuka chochote. Abiria walikuwa wamefika, mizigo ilikuwa mingi, na mvua za kwanza zilikuwa zimeotesha majani, basi siku hiyo ng'ombe walikuwa kama wameitwa mkutano. Nilizunguka na pikipiki mpaka ikaniangusha. Nikainuka, nikawafukuza kwa miguu, nikikimbia na buti langu limejaa mavi, nikipiga kelele kama kichaa, na nadhani kelele nyingine hazikuwa za kufukuza ng'ombe. Kapteni akaruka. Nikakaa chini nikalia mpaka ikatosha.

Jioni nikapanda pikipiki kwenda nyumbani, nikipanga njiani namna ya kumwambia baba kwamba kiti kimekwenda.

Nilisikia vigelegele kabla sijafika. Nikadhani kuna harusi. Kufika uani, watu wamejaa. Mama ana kitenge kipya, majirani wamekaa kwenye mikeka, sufuria liko jikoni, na baba yuko kwenye kiti katikati amevaa koti lake la kanisani na kofia. Wanawake wakanivamia na vigelegele, mmoja akanibeba mgongoni kabisa. "Rubani! Rubani wetu!" Hapo ndipo nilipoikumbuka simu mfukoni mwangu, imekufa.

Baba alikuwa amepiga. Yule dada akamjibu kwamba sipatikani. Akampa mama naye asikilize. Wakarudia mara nyingi, kila mara yule dada anasema vile vile, na mama akapiga kigelegele cha kwanza pale pale, na habari ikatembea kijijini upesi kuliko moto wa nyasi.

Baba mdogo alikuwepo. Tangu ng'ombe wauzwe hakuwa amekanyaga uani kwetu kula. Amekuja na beberu, wameshamchinja. Akanishika mkono mbele ya wote akasema, "Mwanangu, nilikosea. Nimemwambia kaka, nakwambia na wewe. Wabeja, asante." Lo! Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja miaka, na yalikuja siku ambayo sikuyastahili.

Nikapiga magoti mbele ya baba kumsalimia, kama inavyotakiwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Ananiita mayu, yaani mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Akanitafuta uso kwa mikono, akaupata. "Nilisimama hapa uani," akasema. "Nilipunga kofia. Uliiona?"

Watu wakasogea wasikie. Ningesema ndiyo tu. Neno moja, na watu wale, beberu yule, msamaha ule, vyote vingebaki mahali pake, na mzee angelala na furaha yake. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama buti langu. Mtoto wa mfugaji hahitaji kuambiwa mavi ya ng'ombe yanapatikana wapi, na kwenye ndege hayapatikani. Alikuwa ameshajua. Aliniachia mimi. Na mimi nikawaza, baba haoni. Nikiiacha hata simu imdanganye, atabaki na nini cha kuaminia?

"Baba," nikasema, "sikuwa kwenye ndege. Simu ilizima chaji."

Hakunielewa mara moja. Bado alikuwa anatabasamu. Nikarudia. Nikamwambia na kiti kimekwenda, kuna mtu mwingine amekipata. Niliyasema yote kwa pamoja, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaweza kuendelea. Mikono yake ikabaki usoni kwangu, na ndipo alipogusa machozi.

Hakuna aliyecheka. Nilimngoja baba mdogo aseme neno lake, ningempa hata fimbo anichape, lakini aliinama tu akaanza kukata nyama, anakata vipande vidogo vidogo ambavyo havikuwa na haja ya kukatwa. Majirani wakaanza kutazama mikeka. Baba akavua kofia, akaiweka gotini.

"Kwa hiyo aliyepita ni nani?" akauliza.

"Kapteni, baba."

"Haidhuru. Naye ni mtoto wa mtu. Salamu zitamfaa." Halafu akageuza uso kuelekea jikoni. "Beberu ameshakufa. Mpeni mtoto ale, ametoka kazini."

Nikala. Nilikula na machozi na nyama pamoja, na mama alikaa karibu yangu bega kwa bega, na watu wakala polepole kama msibani. Walipoondoka kila mmoja alimuaga baba kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyonichoma zaidi. Afadhali wangenicheka.

Asubuhi niliipeleka simu kwa fundi mwenye sola, nikaijaza chaji mpaka mwisho. Alasiri nikawatoa ng'ombe. Ndege mpya ikaruka, na kwenye kiti cha pembeni nikamwona yule kijana mwenye saa, amevaa miwani, akanipungia mkono kwa adabu. Sina ugomvi naye. Ndege ikapinda kaskazini, ikapita upande wa nyumbani. Nikashika simu mkononi nikaingoja.

Haikuita.

Nikangoja mpaka mlio wa ndege ukaisha kabisa, mpaka ng'ombe wakaanza kurudi kwenye nyasi zao. Nikaona labda mtandao. Labda amelala, labda anaumwa. Nikapiga mimi. Akapokea upesi, kumbe simu alikuwa nayo mkononi.

"Baba, ndege imepita. Hukusikia?"

"Nimesikia, mayu."

"Mbona hukupiga?"

Nikasikia kuku wa uani kwetu, na mama akitwanga.

"Niliogopa," akasema, "nisije nikamkuta yule dada tena."