Siku Walipoufagia Ufuko wa Matete

Kazi ya Lackson Chileshe ilielezeka kwa pumzi moja. Mtu akitaka kujenga ukingoni mwa ziwa Mweru, kazi ya Lackson, katibu wa kamati ya ukaguzi, ni kuwakusanya wakubwa wa samaki, wa afya na wa ardhi, waende wakapaone mahali penyewe kabla ruhusa haijatoka. Kuwakusanya, basi. Jaribu wewe! Wa samaki akiwa na mashua, hana mafuta. Wa afya akipata mafuta, dereva yuko msibani. Wa ardhi alikaa huko Mansa, na kila akiulizwa alijibu wiki ijayo, kama mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo wiki ijayo ikifika. Mwaka ule wa 1974 Lackson alikuwa na baiskeli ya serikali, meza isiyo na droo, na maumivu ya tumbo ambayo mkewe Felistus aliyaita "kamati".

"Kamati imekuamsha tena?" alikuwa akimuuliza asubuhi, na Lackson hakucheka.

Lililomuuma mwaka ule ni ghuba ndogo ya matete upande wa Kashikishi. Kampuni moja ilitaka kujenga hapo nyumba ya barafu na gati, na ghuba yote ijazwe mawe. Katika maombi yao walisema ni pori tupu, lina nyoka na mbu, halina mwenyewe. Lackson alizaliwa Kafutuma, akakulia kwenye mashua ya baba yake, wakiuza chumvi kisiwani Kilwa na ng'ambo ya Kongo. Alijua, kama kila mtu wa ukingo ule, kwamba maji yakijaa, samaki waitwao makobo huingia kwenye matete yale kutaga, na vitoto vyao hujificha humo. Matete yakizikwa, nyavu za Kashikishi zitakuwa zinavua maji tu.

Shida ni kwamba wakubwa walipenda kutembelea ziwa mwezi wa kumi, barabara ikiwa kavu, na maji yakiwa yamerudi mbali. Mwezi wa kumi huoni samaki wala yai. Lackson aliwataka mwezi wa nne, kuwe na matope, kusiwe. Aliomba, akaomba tena, akadharauliwa, akaambiwa angoje. Mwisho wakakubali, nadhani kwa kuchoka kumwona mlangoni.

Akapanda baiskeli kwenda kuwaambia wanawake waliokuwa wakikausha samaki karibu na ghuba. Msemaji wao alikuwa Mama Clotilde, mchuuzi aliyevuka kutoka Kongo miaka mingi nyuma na hakurudi. Lackson aliongea nao Kiswahili chao cha soko, kile cha Kongo, ambamo mahali ni fasi.

"Bakubwa banakuya kuangalia fasi yetu," aliwaambia. "Mukuye bote. Baone kama fasi iko na benyewe."

"Bataona," alisema Clotilde. "Usiogope, Tata Sekretere. Hautapata haya."

Siku ilipofika, Lackson alikaa nyuma ya Land Rover akirushwa huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze alikuwa na furaha. Walipozunguka kona ya mwisho, furaha ikamwisha. Matete hayakuwepo. Ghuba nzima ilikuwa imekatwa hadi usawa wa maji, na rundo la matete lilikuwa likifuka moshi pembeni. Mchanga ulifagiwa hadi ukaonyesha mistari ya ufagio. Mawe yaliyopakwa chokaa yalipangwa pande mbili kuwaonyesha wageni njia, na wanawake, wamevaa vitenge vya Jumapili, walikuwa wakipiga vigelegele.

"Bwana Chileshe," alisema mkubwa wa ardhi, akishuka kwa uangalifu ili asichafue viatu, "ulituambia matete."

"Yalikuwepo, bwana! Juzi nilikuwa hapa. Mizizi iko majini, yataota tena. Muulizeni Misheck."

Misheck ndiye mkubwa wa samaki, na alikulia hatua chache tu kutoka hapo. Alitazama maji meupe, akatazama saa yake.

"Kamati huandika inachokiona," alisema.

Lackson angeweza kumpiga. Badala yake alimgeukia Clotilde, aliyekuja na uso unaong'aa.

"Ile kampuni inasema hapa ni pori, haina benyewe," alisema mama yule. "Sasa banaona. Tulikata yote, tulifagia. Mugeni mukubwa hawezi kukanyaga mu matope. Matete itarudia, mizizi iko."

Angemkaripia kwa lipi? Mama yake mwenyewe, kule Kafutuma, angefyeka vivyo hivyo akisikia wakubwa wanakuja. Wageni walikula samaki walioandaliwa, wakasifu usafi, wakaandika kwamba ufuko ni wazi, hauna mimea, unafaa kwa ujenzi.

Mwezi wa sita matete yalikuwa yamefika kiunoni, mabichi kabisa. Lackson alikimbia ofisi kwa ofisi akiwasihi warudi, hata nusu saa tu. Wakamjibu kwamba kamati haikagui mahali pamoja mara mbili. Ilikuwa mwezi wa kumi, barabara ikiwa kavu na nzuri, lori la kwanza la mawe lilipoteremka.

Jioni ile Clotilde alikuja nyumbani kwake. Hakutaka kiti.

"Tata Sekretere, banasema bakubwa balitukatala."

"Ndiyo, mama."

Clotilde aliifinya ncha ya kitenge chake.

"Ni ule upande wa mitumbwi," alisema mwishowe. "Pale hatukufagia muzuri. Nilibaambia bale banamuke, habakusikia. Ubaite tena, Tata. Tutafagia kupita ile siku."

Felistus, aliyekuwa jikoni, aliacha kukoroga.

"Mulifagia muzuri, mama," alisema Lackson. "Muzuri sana."