Jodari Aliyewasha Ulimi

Shule sikusoma ila chuo cha Kurani, lakini kwa chakula changu hajaumwa mtu tumbo, na wanangu na wajukuu wangu wapo, waulizeni. Kwa hilo najisifu. Ila siku moja nilikaribia kumlisha mtu sumu, na mtu mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu.

Ilikuwa miaka ya vita, mchele tunaupangia foleni. Sijatimiza miezi miwili kwenye nyumba ya mume wangu, Mji wa Kale, mama mkwe akaleta salamu kutoka Bondeni: Ijumaa atakuja kuonja mkono wangu. Nikaingiwa na baridi. Yule bibi hakuwa akila kwa watu ovyo. Akiona kata ya kunywea maji imelala chini, husema ameshiba, na kabla ya alasiri Bondeni nzima imeshajua wewe ni mchafu.

Asubuhi ile mume wangu alileta pande nene la jodari, akaenda zake kazini Kilindini. Nikalitia chumvi na ndimu, nikaliweka kwenye sinia dirishani, nikalifunika kawa la ukindu nzi wasiliguse. Kisha nikashika usafi. Nikaosha mitungi na kuifukiza ubani, nikasugua kinu, nikafagia ua mara mbili. Kumbe kawa huzuia nzi, joto halizuii. Jua likageuka, likaingia dirishani, likampiga jodari mpaka karibu na adhuhuri.

Harufu hana, nyama imekaza. Nikampika kwa tui na ukwaju. Nikaonja kabla sijatia pilipili: ulimi ukaniwasha, midomo ikachonyota kama nimelamba upupu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amekuja kunikunia nazi. Akaonja naye, akatema.

"Tia pilipili nyingi. Mama atadhani ndiyo hiyo."

"Na akivimba?"

"Mbona wewe hukuvimba?"

"Mimi nimeonja tone, wifi. Yeye atakula sahani."

"Basi mpe wali mkavu, umwambie samaki karudi baharini!"

Nilicheka huku machozi yakinilenga. Bibi yangu alinifunza kwamba jodari akishawasha, hakuna moto wala ndimu ya kumponya. Na mlangoni tayari: "Hodi!"

Wifi akaenda kumpokea mamake. Mimi nikabeba sufuria zima, tui na yote, nikamfukia jodari nyuma ya nyumba. Hata paka sikumpa. Nikanawa kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni, nikachemsha mayai, nikayapika kwa nyanya na tui lililobaki kwenye bakuli.

Mama mkwe akalitazama sinia la wali na mayai. "Mwanangu, nimetoka Bondeni na jua hili kuja kula mayai?"

"Mama, jodari alikuwako. Nilimwacha kwenye joto nikishughulika na mitungi. Akawasha. Nimemfukia."

Akainuka, akaingia jikoni bila ruhusa. Nikasikia vifuniko vya mitungi vikifunuliwa kimoja kimoja. Akatoka nyuma, akaukanyaga ule udongo mbichi kwa ncha ya kiatu. Wifi yangu ameinamisha kichwa kama yuko matangani.

Akarudi, akanawa, akakaa.

"Nilishalishwa jodari wa hivyo harusini," akasema. "Uso ulinivimba kama mkate wa mofa. Mwenye harusi akasema nimevimba kwa kijicho. Hakuniambia kweli hata siku moja."

Akamega wali. Akala mayai mawili, la tatu akampokonya binti yake.

"Mama! Langu hilo!"

"Wewe ulitaka kunilisha pilipili. Masikio yangu hayajazeeka."

Nikatamani ardhi inimeze, lakini yeye alikuwa anacheka, mdomo umejaa wali.

"Ijumaa ijayo nitakuja tena," akaniambia. "Samaki nitaleta mwenyewe."

Na alimleta, Ijumaa baada ya Ijumaa. Nami akiingia tu mlangoni naanza na samaki kwanza, ua nao ukae na takataka zake mpaka nimalize.