Kwa Nini Gari Letu Halimo Mbioni

Jumapili alasiri gereji ikifungwa, mimi na mjomba hukaa juu ya kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye gari la mtu, tukitazama kwenye simu yangu mbio kubwa kabisa za magari duniani. Gereji ni ya mjomba, kwenye mteremko wa Makindye. Mimi sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwa kumtazama yeye, kwa video, na kwa kufungua vitu nisivyokuwa na hakika kama ningeweza kuvifunga. Nikikaza nati naikagua, naondoka, halafu narudi kuikagua tena.

Siku moja magari yalikuwa yamejipanga kuanza, mjomba akanyoosha kidole chenye grisi.

"Mbona kampuni yetu haimo?"

Alimaanisha kampuni inayounda yale magari madogo meupe tunayoyafungua wiki nzima, ya madereva wa teksi za kukodi.

"Labda wanaogopa," nikasema.

"Kampuni kubwa vile iogope nini?"

"Kushindwa, mjomba. Dunia nzima inatazama."

"Hapo unajisema mwenyewe," akasema, akacheka hadi akakohoa.

Ilinichoma kwa kuwa ilikuwa kweli. Wiki hiyo kila wakati wa chakula nilisoma juu ya jambo hilo, sahani ikipoa mapajani. Nilitarajia sababu moja, nikakuta nyingi zisizofanana. Kuna kampuni zinazosema kanuni za mbio zile zinawalazimisha kuunda mashine isiyohusiana na chochote wanachouza. Kuna ambazo wakuu wake huuliza: tukishinda, nani atanunua gari letu ambaye asingelinunua? Nyingine hupendelea mbio za vumbi na matope, maana huko gari linafanana kidogo na la dukani. Nyingine ziliingia, zikashindwa mbele ya macho ya watu, zikatoka kimyakimya. Na nimesoma kwamba zipo zilizowahi kuunda injini ikakimbia chini ya jina la mwingine.

Hiyo ya mwisho niliipenda mno. Ikishinda, unajua moyoni. Ikishindwa, hakuna anayekujua.

Basi akaja mfanyabiashara wa soko la Kikuubo, muuzaji wa sabuni kwa jumla, ambaye wikendi hushindana kwenye barabara za vumbi katikati ya mashamba ya miwa. Gari lake lilikuwa la kampuni ileile. Alitaka tumtayarishie injini, na jina la gereji liandikwe mlangoni, kama ilivyo desturi ya wanamashindano hapa.

"Injini tufanye, jina tuache," nikamwambia mjomba.

"Jina letu linajulikana mpaka Ggaba. Unataka kulificha kama mali ya wizi?"

Niliogopa kwa sababu tunaishi kwa madereva wa kukodi. Hao wakiacha kutuamini, hatuna kazi nyingine. Nilimweleza hivyo. Akamwita mchoraji, jina likaandikwa kwa rangi nyekundu.

Tukabishana pia juu ya thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta, pale yanapopozwa, mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi wa huku hukitoa na kukitupa, kwa hofu ya gari kuchemka kwenye foleni. Mjomba hukitoa bila hata kufikiri. Mimi nilinunua kipya nikakirudisha.

"Walioliunda gari wanajua walichofanya," nikasema.

"Wanajua barabara za kwao."

"Mjomba, tafadhali. Mara hii tufanye sawasawa."

Akanipa spana. "Haya. Lakini jina ni letu sote."

Siku ya mashindano gari liliondoka vizuri, sauti safi, nikaanza kutabasamu. Lilipotokea tena kwenye kona ya pili lilikuwa linatoa mvuke. Kile kifaa kipya kilikuwa kimekwama, hakikufunguka. Gari lilisimama pale penye watu wengi zaidi, ubavu wenye jina ukiwa upande wao.

"Chai tayari!" mmoja akapaza sauti. "Leteni sukari!"

"Someni mlangoni, hoteli inaitwaje?"

Nilijibanza nyuma ya muuza mahindi ya kuchoma. Mfanyabiashara alinikuta hapohapo. Hakufoka. Alisema tu kwamba gari atalipeleka kwa fundi mwingine, na kweli alilipeleka.

Jumatatu nilipanda mteremko nikitarajia kukuta uwanja wa gereji mtupu. Nikakuta magari meupe yamepangana kama kawaida, na dereva mmoja mnene ameegemea la kwanza.

"Fundi, nasikia mlipika chai."

"Tulipika."

"Mimi haikunifikia. Sikia, gari yangu inalia mbele nikikata kona. Fanya haraka, nina abiria wa kupeleka uwanja wa ndege."

"Huogopi kuniachia?"

"Niogope nini? Kwani mimi nashindana na nani? Iwake asubuhi, inifikishe. Basi."

Nilidhani nimepata jibu la swali la mjomba. Mnunuzi wa magari yale ni huyu, na hana haja ya kombe. Kampuni inaweza kukaa nje kwa amani, maana anachotaka mteja wake hakipatikani kule mbioni.

Lakini nikiwa nalegeza gurudumu lake niliona kinachonisumbua. Asiye na haja ya kushindana na anayeogopa kushindana, ukiwatazama kutoka nje, wote wamekaa tu pembeni. Kampuni ile sijui moyo wake. Wangu naujua. Jana yake, katikati ya aibu yote ile, kabla ya mvuke, nilikuwa nimeisikia ile injini ikipita, na nilitaka kuisikia tena.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Na akija mwingine wa mashindano?" akauliza.

"Tumpokee," nikasema. "Jina liandikwe."

"Kwanza mimi!" dereva akafoka. "Ndege haingoji!"