Meno ya Viola na Alama ya C

Kwa miaka tisa Viola Nakhungu alipokea mahindi katika ghala la ushirika wetu, nje kidogo ya Kitale, na hakuna gunia lililoota ukungu mikononi mwake. Rekodi chafu namna hiyo kamati haikuweza kuifumbia macho. Nafasi ya msimamizi ilipopatikana, alipewa Ian, kijana mwenye A ya Kiingereza. Viola, mwenye D, aliombwa kwa heshima zote amfundishe kazi. Mwenyekiti wetu, Bwana Wakonyo, alimwahidi kwamba akileta C, atasimamia ghala la pili.

Akajiandikisha kuurudia mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne huko Bungoma, anakoishi dada yake. Alikata pakiti za unga, akaandika nyuma yake vile vitenzi vya Kiingereza vinavyohama maana kila vikiambatishwa kijineno kipya. Kati ya lori na lori aligeuza sentensi: hii ianze na "No sooner", ile na "Hardly", maana ibaki ileile. Ujuzi wa lazima, bila shaka, kwa mpokea mahindi.

Jirani yake Khadijo, muuza maharagwe, ndiye aliyemtahini.

"Put up with?"

"Kuvumilia."

"Na put off?"

"Kuahirisha."

"Mama Levi, si hizo umefanya miaka tisa bana. Sasa unasomea nini tena?"

Mwezi wa Oktoba likaja lori kutoka Naitiri na magunia themanini ya mahindi. Kipimo cha unyevu kilikuwa kimeisha betri. Viola aliuma punje, kama afanyavyo kila mkulima wa huku. Punje kavu huvunjika kwa mlio. Hii ililipokea jino kama mkate. Akamwambia Ian mahindi yarudi juani. Ian akamwonyesha hati ya mzigo, iliyosema kwa Kiingereza kisicho na doa kwamba yamekauka, akatia sahihi.

Wiki tatu baadaye magunia yalikuwa na joto la kuangulia mayai. Viola alikuwa tayari Bungoma. Karatasi ya pili ya mtihani, ile ya kugeuza sentensi, ilikuwa kesho yake asubuhi. Mwenyekiti akampigia simu: ukungu unaenea, na hakuna mwingine ajuaye kutenganisha mahindi makavu na mabichi. Viola aliwaza juu ya wakulima wenye mahindi yao humo, akarudi. Siku mbili aliuma punje, gunia kwa gunia, mpaka fizi zikavimba. Ghala lilipona. Karatasi ya pili ilifanywa bila yeye.

Kamati ilimshukuru kwa makofi, kisha ikamkumbusha kwamba bila C hakuna ghala la pili. Kanuni ni kanuni.

Bwana Wakonyo na wanakamati wenzako: futeni sharti hilo, na mkabidhini Viola ghala la pili kabla ya mkutano mkuu. Mkikataa, njooni mkutanoni na meno yenu. Sisi wanachama tutaleta punje, kavu na mbichi, nanyi mtatuambia ipi ni ipi. Mnaruhusiwa kujibu kwa Kiingereza.