Doa Lisilopakwa Rangi

Harufu ya rangi mbichi hapa gereji imenirudisha asubuhi ya harusi ya shangazi. Baba alikuwa amelipaka gari lake upya, bluu, hadi ndani ya buti, ili dada yake apelekwe kwa mumewe, mjini Mahoko, kwa heshima. Shangazi alishakaa nyuma, ncha ya shela yake iko kwenye mapaja yangu, na sabufa, ile spika kubwa ya butini, haitoi hata mlio.

Baba alibadilisha fyuzi. Akakaza nyaya za spika. Taa ya ampli ikawaka, ikazimika.

"Kaka, twende tu," shangazi akasema. "Muziki si lazima."

"Apana! Mi siwezi kukusindikiza kimya kama mutu anaenda kuzikwa."

Akainama tena butini, akaifungua buloni, ile bolti ya masi, waya unaoshikizwa kwenye bati la gari ili umeme urudi. Akalipapasa bati kwa kidole.

"Bon. Ni rangi yangu."

Alikuwa amelipaka hata bati la chini ya buloni hiyo, umeme ukakosa pa kupita. Akaomba kisu cha jikoni, akaikwangua rangi yake mpya huku amekunja uso. Kisha sabufa ikapiga, nikaisikia mbavuni, vioo vikatetemeka. Shangazi alicheka huku analia. Baba akaketi na suti yake juu ya jiwe jeusi la volkano pale uani, akashusha pumzi.

Sasa fundi anayelipaka tena gari hilohilo la baba ananiuliza kama alifunike na lile doa tupu la butini.

Nimemwambia aliache.